Kununua ploti Nairobi ukiwa na akiba ndogo: fuata hati ilipo

Ukiwa na akiba ya Sh200,000 na mshahara ambao haujaliwa na makato, ploti ya Sh900,000 kule Ruai unaweza kuifikia. Hii ndiyo hesabu ninayowafanyia wanachama kwenye dawati la mikopo la Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Pesa hupatikana. Kinachowaumiza watu ni ile miezi ambayo umeshaanza kulipa na ploti bado si yako: hati iko mkononi mwa nani? Hatua hizi nimezipanga kwa kufuata swali hilo.

Hatua ya 1: Safisha jina na peisilipu

Lipa vijideni vya programu za simu. Deni la Sh2,000 lililokufikisha CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, linaweza kukwamisha mkopo wa laki kadhaa. Kisha angalia peisilipu: Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili za mshahara. Kama umeshafika hapo, hata wadhamini ishirini hawatakusaidia. Maliza mkopo mmoja kwanza.

Hatua ya 2: Weka akiba kwenye Sacco, lakini usikope bado

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na riba iliyozoeleka ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Akiba ya Sh200,000 inakufungulia Sh600,000. Ukilipa kwa miezi 48, ni karibu Sh15,800 kila mwezi. Hakikisha Sacco yenyewe ina leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco. Orodha hutolewa kila mwaka.

Wadhamini watafute mapema, na uwadhamini na wao. Anayekudhamini anaifunga akiba yake kwa ajili yako, kwa hiyo usimtokee na fomu Ijumaa jioni ukitaka asaini Jumatatu.

Hatua ya 3: Omba nakala ya hati kabla ya kwenda kuona ploti

Broka atataka akupeleke kwanza, kwa sababu anajua ukishakanyaga udongo moyo unanunua. Wewe taka nakala ya hati, kisha fanya upekuzi rasmi. Kwa ardhi ya Nairobi, anzia Ardhisasa, mfumo wa serikali uliozinduliwa Aprili 2021. Linganisha jina la mwenye hati na kitambulisho cha muuzaji, na uone kama kuna rehani au zuio.

Ukiambiwa kuna cheti cha kampuni ya ununuzi wa ardhi tu, au kwamba hati mama, ile ya shamba zima, bado haijagawanywa, mpango huu haukufai. Ploti ya namna hiyo utalipia pesa taslimu na kusubiri. Usitarajie Sacco au benki iikubali kama dhamana.

Hatua ya 4: Muuzaji ndiye mkopeshaji wako wa kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio. Wanachukua mkopo wa Sacco siku ya kwanza, wanamkabidhi muuzaji, halafu wanaanza kulipa riba ya Sh6,000 mwezi wa kwanza kwa ardhi ambayo bado haijahamishwa. Geuza. Sacco iwe ya kumalizia.

Mweleze muuzaji hivi: asilimia 10 sasa, yaani Sh90,000, ambayo wengi huipata zamu yao ya chama cha kuchangiana ikifika. Kisha Sh21,000 kila mwezi kwa miezi kumi, bila riba, jumla Sh210,000. Zinazobaki, Sh600,000, zitatoka Sacco siku ya kuhamisha hati. Muuzaji mwenye haraka atakataa, na hana kosa. Mtafute yule ambaye ploti yake imekaa sokoni muda mrefu au anayelipa karo kwa awamu. Huyo pesa ya kila mwezi inamfaa. Akikuongezea bei kidogo kwa sababu ya kungoja, linganisha nyongeza hiyo na riba ya Sacco kabla ya kukasirika.

Hatua ya 5: Mkataba useme hati inakaa wapi

Mkataba wa ardhi lazima uandikwe na kutiwa saini mbele ya shahidi. Makubaliano ya mdomo hayakulindi mahakamani. Kuwa na wakili wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Mambo ninayotaka kuyaona humo:

- Hati halisi na fomu ya uhamisho iliyosainiwa vikae kwa wakili, kwa ahadi ya maandishi kwamba havitarudi kwa muuzaji wakati unaendelea kulipa.
- Ukichelewa mwezi mmoja nini kitatokea, na ukishindwa kabisa utarudishiwa kiasi gani.
- Ridhaa ya mume au mke wa muuzaji.

Mwambie wakili pia aweke zuio kwenye rejista ya ardhi, lile wanaloliita kosheni. Bila hilo, muuzaji mwenye njaa anaweza kuuza mara ya pili.

Na kama umevuka kwenda Kajiado, Machakos au Kiambu kwenye ardhi ya kilimo, ridhaa ya bodi ya ardhi inatakiwa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mpango wa miezi kumi unaipita tarehe hiyo. Omba mapema, usingoje umalize kulipa.

Hatua ya 6: Sacco imalize

Mwezi wa nane peleka maombi ya mkopo. Pesa ziende kwa wakili, si kwenye simu ya muuzaji. Tenga pia ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani, kwa thamani atakayoikubali mthamini wa serikali. Kwa mfano wetu ni kama Sh36,000, na Sacco haitakukumbusha.

Wadhamini wakitosha, hati inakuja kwako moja kwa moja. Wasipotosha, Sacco itaishika.

Anayetaka nyumba badala ya ploti ana njia nyingine: tangu 2020 unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako ya pensheni, isiyozidi Sh7,000,000, kununua nyumba ya kuishi. Nyumba za serikali zinaombwa kupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba za bei nafuu.

Hatua ya 7: Fuata hati hadi mwisho

Ukilipa awamu ya mwisho ya Sacco iliyoshika hati, dai barua ya kuachilia dhamana, uisajili, kisha fanya upekuzi mwingine. Jina liwe lako, na sehemu ya rehani iwe tupu.