Linganisheni namba ya usalama kabla ya kuzungumza siri

Mnapopigiana simu kwa Signal, programu ya simu na ujumbe uliofungwa ili wahusika pekee wausome, mmoja akiwa Kampala na mwingine Arua, linganisheni namba ya usalama kabla ya kugusia jambo lolote la siri. Fungua mazungumzo, gusa jina la mwenzako, kisha uchague namba ya usalama. Zitatokea tarakimu 60 katika mafungu 12 ya tarakimu tano tano, pamoja na msimbo wa mraba (QR) ambao, mkiwa mmekaa pamoja, mtauskani badala ya kusoma. Namba hiyo hutokana na funguo za kidijitali za pande zote mbili, zinazofunga ujumbe, kwa hiyo mtu akijipenyeza katikati na kuweka funguo zake, tarakimu hazitafanana. Msiitume kwa ujumbe ndani ya Signal yenyewe, kwa kuwa aliyejipenyeza anaweza kuibadilisha njiani. Msomeane kwa simu ya kawaida, ambako kila mmoja anaitambua sauti ya mwenzake. Namba ikibadilika ghafla, huenda mwenzako amenunua simu mpya au amesakinisha programu upya, lakini pia huenda mtu ameitwaa laini yake, na ndiyo maana nasisitiza kila mmoja aweke PIN ya Signal na kuwasha kufuli ya usajili, inayozuia mtu mwingine kusajili namba yako bila PIN hiyo. Ulinganishi huu hausaidii iwapo simu yenyewe imeingiliwa na programu ya upelelezi, wala intaneti inapozimwa, kama ilivyotokea nchini Uganda Januari 2021, kwa maana hapo hubaki simu ya kawaida tu, isiyo na ulinzi wa namna hii.