Somo: Kufungua dirisha kwenye yai uone moyo unadunda, na seli za tuta la neva zinapopita

Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mwalimu, yai nimelifungua, moyo nimeuona, mbona hizo seli za tuta la neva sizioni?" Hazionekani kwa macho, wala kwa lenzi ya mkononi. Unachokiona ni njia zinakopita na kazi zinayokwenda kuifanya, na hicho kinatosha kukushangaza ukijua pa kutazama.

Kwanza jina. Nasema "tuta" kwa sababu ndivyo lilivyo. Aliyelima tumbaku au viazi huku kwetu Tabora ataelewa upesi. Kiinitete cha kuku kikiwa na umri wa siku moja na ushei, mgongoni kwake huinuka matuta mawili, katikati mtaro. Matuta husogeleana yakaungana kwa juu, mtaro ukafunikwa na kuwa mrija, ambao ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Pale yalipoungana, seli huchomoka na kuhama. Nyingine huenda kuwa rangi ya ngozi, nyingine neva, nyingine mifupa ya uso. Zile za kisogoni, kuanzia usawa wa katikati ya sikio linalochipuka hadi kipingili cha 3 cha mgongo, hushuka kupitia matao ya koromeo, yaani mikunjo iliyopangana shingoni mwa kiinitete, tao la 3, la 4 na la 6, zikaenda hadi kwenye moyo. Hizo ndizo tunazozifuata.

Hatua ya 1. Tafuta mayai ya kuku wa kienyeji wanaotembea na jogoo. Yasiwe yameoshwa, yasizidi wiki moja. Mayai ya trei ya dukani hayana mbegu.

Hatua ya 2. Mashine ya kutotoleshea, nyuzi 37.5 hadi 38, maji ndani yake, saa 72.

Hatua ya 3. Saa moja kabla ya kufungua, lalisha yai kwa ubavu na uweke alama ya penseli kwa juu. Usiligeuze tena. Kiinitete kitapanda chenyewe kikae chini ya alama yako.

Hatua ya 4. Toa ute mweupe. Hapa someni polepole. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha somo hili niliiruka hatua hii, nikaona ni kujichosha bure. Nilikuwa na mayai 12 na darasa zima limenizunguka. Nikaingiza mkasi juu, damu. La pili, damu. Nilipata zima moja tu, na kuna mwanafunzi alitoka nje hakurudi. Sababu yake ni hii: yai likiwa limejaa, kiinitete kimebanana na ngozi ya ndani ya ganda, juu kabisa, palepale unapopitisha mkasi. Lazima ukishushe kwanza. Toboa tundu dogo kwenye ncha butu ya yai. Chukua bomba la sindano la ml 5, ingiza sindano ikielekea chini, ikifuata ganda kwa ndani, isilenge katikati. Vuta ml 2 au 3, taratibu. Ukiona njano inaingia kwenye bomba, umetoboa kiini. Yai hilo liweke kando, halitafaa. Ziba tundu kwa selotepu. Kisha toboa tundu dogo la pili juu, penye alama, hewa iingie. Hapo ndipo kiinitete hushuka kikaachana na ganda. Mulika kwa tochi. Usipoona nafasi ya hewa chini ya alama, usikate. Narudia: usikate.

Hatua ya 5. Bandika selotepu juu ili vipande vya ganda visidondokee ndani. Kata dirisha la ukubwa wa shilingi, ncha ya mkasi ikiwa imelala, isichome chini.

Hatua ya 6. Tazama. Utaona mishipa imetanda juu ya njano kama mizizi, na katikati kiinitete kimejikunja, na moyo mwekundu unadunda. Wakati huu moyo ni mrija uliojipinda, na damu yote hutokea kwenye mshipa mmoja, shina la ateri. Mmoja tu! Wewe unayetazama una miwili: aorta inayopeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu. Ule mmoja unagawanyika vipi? Seli zetu, ambazo zilianza kuondoka kisogoni siku ya pili, sasa zimo kwenye matao, zinazizunguka ateri ndogo za hapo. Siku zinazofuata huingia ndani ya shina na kujenga ukuta unaoshuka kwa kujipinda, ndiyo maana aorta na ateri ya mapafu zimezungukana kama kamba ya nyuzi mbili. Kufikia siku ya 8 ukuta umekamilika. Kwa binadamu moyo huanza kudunda karibu na siku ya 22, na kufikia wiki ya 8 mgawanyo huu huwa umekwisha.

Hatua ya 7. Funga dirisha kwa selotepu, rudisha kwenye mashine ukitaka kutazama tena kesho. Darasani kwangu hatuvuki siku ya 6.

Hatua ya 8. Ukimaliza, yai liingie kwenye friji usiku kucha, kisha ulizike. Mikono kwa sabuni. Yai hilo haliliwi.

MASWALI

Mfugaji wa Isevya: Mwalimu nimeweka trei nzima siku tatu, hakuna kitu, njano tu. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Mayai umeyatoa wapi?

Mfugaji wa Isevya: Dukani.

Jibu: Hatua ya 1.

Kidato cha Sita, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Kama hazionekani, waliojua kwamba ndizo zinazojenga ule ukuta walijuaje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Tuta lenyewe alilieleza Wilhelm His mwaka 1868, kwenye kiinitete cha kuku hikihiki. Lakini kuiona seli inaondoka siyo kujua inakofikia. Mwaka 1969, Ufaransa, Nicole Le Douarin aligundua kwamba seli ya kware ina alama ndani ya kiini chake ambayo ya kuku haina, ikipakwa rangi chini ya hadubini unazitofautisha. Basi ukikata kipande cha tuta la kware na kukipandikiza kwenye kiinitete cha kuku, kila seli ya kware utakayoikuta baadaye mwilini mwa kuku inakwambia ilikotoka. Kisha Margaret Kirby na wenzake, Marekani, 1983, wakafanya kinyume: waliliondoa tuta la kisogoni kabla seli hazijahama. Moyo uliendelea kukua na kudunda, lakini shina la ateri likabaki moja, halikugawanyika. Umeona uzuri wake? Mmoja anaifuata seli kwa alama, mwingine anaiondoa aone kitakachokosekana. Ukivipata vyote viwili ndipo unaweza kusema unajua.

Mtahiniwa: Mwl nipe kwa kifupi tu, pepa ni kesho.

Jibu: Aya ya pili na Hatua ya 6. Dakika tano.

Msomaji wa Kaliua: Kwa hiyo unatufundisha kwamba moyo umetengenezwa na neva? Mimi nilisoma kwamba moyo ni msuli.

Jibu: Sijaandika hivyo popote, soma tena. Msuli wa moyo hutokana na tabaka la kati la kiinitete. Seli za tuta hujenga ukuta wa kugawa shina, misuli laini ya kuta za ateri kubwa, na vifundo vya neva vinavyoupunguzia moyo kasi. Ni wageni waliokuja kufanya kazi ambayo wenyeji peke yao hawaimalizi.

Fundi maabara, Nzega: Mwalimu, selotepu kwenye joto la Oktoba inabanduka. Mimi huziba kwa nta ya nyuki, inashika vizuri na yai halikauki.

Jibu: Nta! Na sisi tumezungukwa na mizinga. Unaiyeyushaje?

Fundi maabara, Nzega: Kikopo ndani ya maji ya moto, kisha napaka kwa brashi ikianza kuganda. Ikiwa ya moto sana utakipika kiinitete. Tena umeme ukikatika, chupa mbili za maji ya uvuguvugu ndani ya mashine, usifungue mlango.

Jibu: Naongeza kwenye somo. Asante sana ndugu yangu.

Muuguzi, Ujiji: Hapa kazini tulipata mtoto mwenye tatizo la moyo, kaakaa limepasuka, na kalsiamu iko chini. Daktari alitaja kromosomu ya 22. Inahusiana na seli hizi?

Jibu: Moja kwa moja, dada. Kipande kidogo cha kromosomu ya 22 kinakosekana. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 4,000. Uso, tezi za shingoni zinazosimamia kalsiamu, tezi ya thaimasi inayolea seli za kinga ya mwili, na mishipa mikubwa ya moyo vyote viko kwenye njia moja ya matao ya koromeo, ndiyo maana vinaumia pamoja. Na hapa pana jambo linalonivutia kila nikilifundisha: jeni inayotajwa sana kwenye kipande hicho, TBX1, haifanyi kazi ndani ya seli za tuta zenyewe. Inafanya kazi kwa majirani zake, wale wanaozielekeza njia. Msafiri ni mzima, waelekezaji ndio wamepungua. Mtoto wa namna hiyo aangaliwe na kinga ya mwili pia, si moyo peke yake.

Mama wa Urambo: Mwalimu samahani kama si mahali pake. Mwanangu ana miezi miwili, wamesema ana shina moja la ateri. Mama mkwe anasema nilibeba kuni nikiwa na mimba. Ni kweli?

Jibu: Mama, ni mahali pake kabisa. Si kuni. Ukuta ule hujengwa kabla ya wiki ya 8, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanagundua kuwa wana mimba. Yanayojulikana kuongeza hatari ni kama kisukari cha mama kisichodhibitiwa na dawa za chunusi za isotretinoini, na mara nyingi sababu haipatikani. Hata pale kromosomu ya 22 inapokuwa na kasoro, karibu mara 9 kati ya 10 imeanza kwa mtoto mwenyewe, haikutoka kwa mzazi. Lakini usingoje. Mapafu ya mwanao yanapokea damu nyingi kupita kiasi kila siku, na ugonjwa huu hurekebishwa mtoto akiwa bado mchanga. Omba rufaa wiki hii. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Na huyo mama mkwe msomee jibu hili.

Mama wa Urambo: Asante mwalimu. Barua tunaifuata Jumatatu.

Kidato cha Sita, Kigoma: Mwalimu, nimefungua manne, mawili yamekuwa mazima. Moyo ulikuwa unaenda haraka, kadiri yai lilivyokaa nje ukawa unapunguza. Nilidhani kinakufa, nikakirudisha kwenye mashine, ukaongeza tena.

Jibu: Hakikuwa kinakufa, kilikuwa kinapoa. Kesho chukua saa na kipimajoto. Hesabu mapigo kila baada ya dakika 2, andika na nyuzi joto pembeni, kisha yalete hapa.