Kabla ATM ya Maziwa Haijapata Mmiliki Mpya: Mambo ya Kuzingatia Unapopanga Hifadhidata

Mitaa mingi ya Nairobi sasa ina ATM ya maziwa. Mteja huja na chupa yake, mhudumu hubonyeza shilingi 50, mashine humimina maziwa ya thamani hiyo. Biashara hizi huuzwa na kununuliwa mara kwa mara, na mara nyingi mnunuzi hukabidhiwa mashine, ufunguo, na faili moja ya Excel iliyorundikwa kila kitu: jina la mwenyewe, mtaa, bei, mauzo, madeni. Ukiitwa umpangie hifadhidata, usikimbilie kuunda majedwali. Kuna maswali yanayotakiwa kujibiwa wakati muuzaji bado anapokea simu zako.

Zito kuliko yote ni la umiliki. Namba ya seriali, modeli na ujazo wa tangi ni mambo ya mashine yenyewe, hayabadiliki ikiuzwa. Jina la mwenyewe hubadilika, na mtaa pia. Ukiweka safu (column) ya mmiliki ndani ya jedwali la mashine, siku utakayofuta jina la zamani na kuandika jipya, mauzo yote ya nyuma yatahesabiwa kwa mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo weka majedwali matatu: mashine, wamiliki, na umiliki. Hilo la tatu ndilo linalobeba tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kuisha, na hisa. Hisa ni muhimu kwa sababu mashine nyingine ni mali ya chama, na lazima mkubaliane mapema kama chama kitaandikwa kuwa mmiliki mmoja au kila mwanachama ataandikwa na fungu lake. Saa ya kuanza ihesabiwe ndani ya kipindi, saa ya kuisha ihesabiwe nje, ili chupa iliyouzwa saa 12:00:00 kamili isiwe ya watu wawili. Mmiliki akiwa mmoja, programu ya hifadhidata kama PostgreSQL inaweza kuwekewa kizuizi cha kukataa vipindi vinavyoingiliana kwa mashine ileile. Wakiwa wengi, kagua kwamba jumla ya hisa haipiti asilimia 100 wakati wowote.

Mpangilio huohuo utumike kwa mahali mashine ilipo. Iliyokuwa mtaa wa Umoja inaweza kuhamia Kayole bila kuuzwa, au ikauzwa bila kuhama. Ndiyo maana jina kama "mashine ya Umoja" halifai kuwa ufunguo msingi, yaani kitambulisho cha kila mstari wa jedwali. Ipe mashine namba yako mwenyewe isiyo na maana nyingine yoyote, kisha uhifadhi namba ya seriali kando kwa sharti kwamba isijirudie.

Bei inahitaji uangalifu wa pekee, kwani hapa wahudumu husingiziwa wizi. Tuseme lita ilikuwa shilingi 120, na mwezi mmoja mashine ikauza maziwa ya shilingi 6,000. Hizo ni lita 50. Mmiliki mpya anapandisha bei hadi 130, na kuiandika mahali pa bei ya zamani kwenye jedwali. Ripoti ya mwezi uliopita ikikokotolewa upya, inaonyesha lita 46.15, na karibu lita 4 hazijulikani zilikokwenda. Hakuna aliyeiba tone. Jedwali la bei liwe na tarehe ya kuanza kutumika, na kila mauzo yabebe shilingi zilizolipwa, mililita zilizotoka, na bei ya wakati huo. Kuna watakaosema kuandika bei kwenye mauzo ni kurudia habari na kunavunja kanuni ya kupanga majedwali bila marudio (normalization). Sikubaliani nao: bei aliyotozwa mteja ni tukio lililokwisha kutokea, na halitegemei bei ya leo.

Kanuni yenyewe inatokana na kazi ya Edgar Codd, aliyetoa modeli ya uhusiano mwaka 1970 akiwa IBM. Kanuni hiyo ina hatua kadhaa, na hadi ya tatu inadai kila safu itegemee ufunguo wa jedwali lake, ufunguo wote, na isitegemee kitu kingine. Kwa biashara ya ukubwa huu, hatua ya tatu inatosha kabisa.

Kisha chambua karatasi: ipi inafuata mtu na ipi inafuata mashine. Kibali cha Bodi ya Maziwa na leseni ya kaunti hutolewa kwa jina la mfanyabiashara, kwa hiyo vifungwe kwa mmiliki na mahali. Muhuri wa watu wa vipimo umegongwa kwenye mashine, nao ufungwe kwa mashine. Till ya M-Pesa, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu, ni ya mwenye biashara. Muuzaji ataondoka nayo, na malipo yaliyopita kwake yabaki yakionyesha till yake. Namba ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu, jumla 10: iwekee sharti la kutojirudia, na malipo yaleyale hayataingizwa mara mbili.

Data ya zamani isafishwe kabla ya kuhamishwa. "Umoja", "umoja 1" na "UMOJA" huenda ni duka moja; muulize mhudumu, usikisie. Uliza pia kuhusu saa. Kwenye daftari la mkono, "saa 2" inaweza kuwa saa mbili asubuhi yetu, ambayo kompyuta inaijua kama 08:00. Ukiingiza 02:00, utapata duka linalouza maziwa usiku wa manane. Baada ya kuhamisha, linganisha jumla ya kila mwezi, ya zamani na mpya, hadi shilingi ya mwisho.

Makabidhiano yenyewe yapewe jedwali lake. Wote wawili wasimame mbele ya mashine, mauzo yasimamishwe, mita ya jumla isomwe, maziwa yaliyobaki tangini yapimwe, fedha zilizo kwenye droo zihesabiwe, na iandikwe nani analipia hayo maziwa. Madeni ya wateja yaamuliwe siku hiyohiyo: yananunuliwa au yanabaki kwa muuzaji. Majina na namba za simu za wadaiwa ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo orodha isitumwe WhatsApp kienyeji.

Jina la muuzaji lisifutwe kwenye mfumo baada ya hapo. Sheria ya kodi ya Kenya inamtaka atunze rekodi zake kwa miaka 5, kwa hiyo apewe nakala ya kipindi chake tu, inayoishia kwenye saa iliyoandikwa ya makabidhiano.