Somo: Kupandikiza lulu kwenye chaza mdomo mweusi

Wengi mnataka kuanza moja kwa moja na lulu ya mviringo. Mimi nawaomba muanze na lulu nusu, ile ya kugandisha kiini, yaani kidonge kigumu ambacho lulu hujijenga juu yake, kwenye kombe kwa ndani kwa gundi. Mkono utazoea kumfungua chaza bila kumuua. Hata Mikimoto, yule mfugaji lulu maarufu wa Japani, lulu zake za mwanzo mwaka 1893 zilikuwa nusu. Ukishazoea, fuata somo hili.

Chaza. Chagua mwenye afya, sentimita 10 kwenda juu. Aliyejaa mayai muache, kiini hakitamkaa. Usiku wa kuamkia kazi wabane kwenye kikapu. Asubuhi ukiwatia kwenye maji mazuri watajifungua wenyewe, na papo hapo chomeka kabari. Usimlazimishe kwa kisu, utamkata msuli.

Utando. Hapa ndipo lulu inapopatikana au kukosekana, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chaza mmoja lazima afe ili wengine wapandikizwe. Mfungue, kata ukanda mwembamba wa ule utando wa nyama uliolalia kombe, karibu na ukingo. Futa ute taratibu, punguza ukingo wenyewe, kisha kata vipande vya mraba, milimita 3 hivi. Fanya kazi kivulini, na vipande viwe na unyevu wa maji ya bahari yaliyochujwa muda wote.

Upande uliokuwa ukigusa kombe ndio wenye seli zinazotoa tabaka la lulu. Seli hizo zikikigusa kiini huzaana, zikakizunguka na kufanya kifuko, na ndani ya kifuko hicho ndimo lulu hukua. Ukigeuza kipande, umepoteza chaza, kiini na miezi yako. Na vikishakatwa vyote vinafanana! Basi vilaze vyote upande huo ukiwa juu, tangu kipande cha kwanza, wala usiruhusu mtu kuvigusa.

Upasuaji. Mshike chaza kwenye kishikio, kabari ikiwa mdomoni. Sogeza matamvua kando kwa kijiko bapa, utauona mguu, ukiugusa unajikunja. Kwenye shina la mguu pasua kidogo tu, kisha fungua njia hadi ndani ya tezi ya uzazi. Ingiza kiini cha milimita 6, halafu kipande, ule upande wake ukikilalia kiini. Wapo wanaotanguliza kipande. Ni sawa, mradi vigusane. Toa kabari, mrudishe majini.

Mapumziko. Mtie kwenye mfuko wa wavu, maji yaliyotulia. Baada ya mwezi au mwezi na nusu kagua mifuko: viini vilivyotemwa utavikuta humo. Waliobaki navyo watundike kwenye kamba, uwasafishe uchafu unaowaota. Lulu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Maswali ya wanachama

*Kizingitini: Mwalimu, viini tutachonga wenyewe?*
Vya mviringo, hapana, kaka. Kwa kawaida hutengenezwa kwa kombe nene za kome wa maji baridi, hasa wa mto Mississippi, Marekani. Kwa lulu nusu, plastiki inatosha.

*Shela: Chaza wangu ni mweusi sana, mbona lulu imetoka kijivu hafifu?*
Dada yangu, rangi hutokana sana na yule uliyemkata utando. Huyo mchague kwa uzuri wa kombe lake kwa ndani: kijani, samawati, zambarau. Usichukue chaza mnyonge eti kwa kuwa atakufa.

*Malindi: Na sisi huku tunaweza?*
Angalieni mto Sabaki. Msimu wa mvua unamwaga tope jingi kwenye ghuba, na tope humchosha chaza aliyetoka kupasuliwa. Tafuteni maji safi mbali na mdomo wa mto, nje ya hifadhi ya bahari, na kabla ya kutia kamba hata moja zungumzeni na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na afisa wa uvuvi.

*Shela tena: Aliyetema kiini nimle?*
Usimle. Mpumzishe, mpandikize upya akipata nguvu, au mgandishie lulu nusu. Na kabla hujampasua tena mpapase ndani: pengine kipande cha utando kilibaki kikaota lulu ndogo isiyo na kiini, yenye umbo lake yenyewe. Hiyo Wajapani huiita keshi, na ina wanunuzi.