Kabla Hujaipa Kadi ya Grafiki Maji, Uliza Joto Litaenda Wapi

Februari iliyopita dada mmoja alinipandishia kompyuta hadi orofa ya tatu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, kasha amelifunga kwa leso mbili lisikwaruzwe ndani ya matatu. Kazi yake ni kutengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, na kadi yake ya grafiki, RTX 4090, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha, hufanya kazi usiku kucha.

"Fundi," akaniambia kabla hajakaa, "hizi feni zinalia kama kinu cha posho. Mtoto halali. Niwekee maji."

"Tutaweka, dada. Lakini kwanza niambie, hilo joto unataka liende wapi?"

Hilo ndilo swali ninaloanza nalo kwa kila mteja, na ukilijibu vizuri nusu ya uamuzi imekwisha. Maji hayatengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba: yanachukua joto kwenye chipu, yanalipeleka kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalimwaga kwenye hewa ile ile ya chumba unachokaa. RTX 4090 hula hadi wati 450, RTX 5090 hadi wati 575, na karibu zote zinageuka joto. Ukikaa na mashine hiyo kwenye chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, ni sawa na kuwasha hita ndogo. Hata uweke maji ya namna gani, hilo halibadiliki.

Kuna jambo jingine ambalo video za ughaibuni hazitakuambia. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kati ya 15 na 20. Feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini hewa hiyo inabeba joto pungufu. Baridi ya Julai inatufidia. Mchana wa Februari hautufidii. Ndiyo maana huwa naongeza ukubwa wa rejeta kupita kiasi kinachopendekezwa na watengenezaji, na sijawahi kujuta.

Kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Pakua HWiNFO, programu inayosoma joto la kompyuta, iachie kadi kazi nzito kwa nusu saa, kisha soma namba tatu: joto la chipu, joto la sehemu ya chipu iliyo moto zaidi, na joto la memori. Namba mbili za kwanza zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 20 hivi, shida haiko kwenye feni. Pesti, ile krimu inayopitisha joto kati ya chipu na kipozaji, imekauka au imesukumwa pembeni, na rejeta ya bei yoyote haitaiponya. Kadi ya yule dada ilikuwa na nyuzi 71 kwenye chipu na 97 kwenye sehemu moto. Nilipoifungua, pesti ilikuwa imejikusanya ukingoni kama ukoko wa ugali, na katikati ya chipu paling'aa kama kioo.

Kisha punguza kikomo cha nguvu, yaani wati ambazo kadi inaruhusiwa kula. Kwa programu ya MSI Afterburner, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata kwa kadi za kampuni nyingine, shusha hadi asilimia 80. Kwa RTX 4090 hiyo ni wati 360, na kasi inayopotea ni asilimia chache tu. Watu wengi walioniletea kadi wakitaka maji walirudi nyumbani na pesti mpya, vumbi limetolewa, kikomo kimeshushwa, na pesa zao mfukoni. Ukifanya hivyo na bado kelele zinakukosesha usingizi, au kadi yako inafanya kazi saa kumi mfululizo, basi maji yana maana. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kununua kadi iliyokuja na maji kutoka kiwandani: bloku (kipande cha metali kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani), pampu na rejeta ya milimita 240 au 360, vyote vimeunganishwa na kufungwa. Kama bado hujanunua kadi, na hutaki kuwa fundi wa mashine yako mwenyewe, chukua hii. Dhamana inabaki na hujazi chochote. Ubaya wake ni kwamba maji hupungua polepole kupitia ukuta wa mpira unaoyabeba, mwaka baada ya mwaka, na nyingi hazina mahali pa kuyaongeza. Unapoifunga kwenye kasha, hakikisha rejeta iko juu zaidi ya pampu. Ikiwa ubavuni, upande wenye mipira uwe chini. Hewa hukimbilia juu, na ikikaa ndani ya pampu utasikia sauti ya kokoto kisha pampu ife.

Njia ya pili ni kuchukua kipozaji cha maji cha prosesa (ubongo wa kompyuta) na kukibana juu ya chipu ya kadi kwa bracketi. Ni rahisi, na kwa kadi ndogo za zamani ilifaa. Kwa kadi inayokula wati 450 siipendekezi hata kidogo. Chipu itapoa, lakini memori ya kadi, ya aina ya GDDR6X, na sakiti za umeme zilizoizunguka zitabaki zikitegemea vipande vya alumini vilivyobandikwa kwa gundi. Memori hiyo hujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 110, na utabaki ukishangaa kwa nini kadi yenye chipu ya nyuzi 50 imekuwa nzito.

Ya tatu ni bloku kamili, ile inayofunika chipu, memori na sakiti za umeme kwa pamoja, ikiunganishwa na pampu, tangi na rejeta unazochagua mwenyewe. Hii ndiyo aliyoichukua yule dada, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Bloku haichaguliwi kwa jina la chipu. Inachaguliwa kwa bodi, ubao wa sakiti ambao chipu imekaa. Kadi mbili zote huitwa RTX 4090, lakini kampuni mbili zimepanga koili na kapasita (vipande vya umeme) mahali tofauti kabisa. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliagiza bloku kutoka Ulaya kwa jina la chipu tu. Pamoja na usafiri na VAT ya asilimia 16 ilipita shilingi elfu thelathini. Nilipoiweka juu ya kadi ilikaa vizuri pande tatu, na upande wa nne ikapanda juu ya koili moja. Nafasi iliyobaki haikutosha hata kupitisha ukucha, lakini ilitosha kuifanya chipu isiguswe. Kuirudisha kungegharimu karibu nusu ya bei yake. Kwa hiyo geuza kadi, piga picha ya stika iliyo nyuma, soma namba kamili ya modeli pamoja na namba ya toleo ikiwapo, halafu uitafute kwenye orodha ya mtengenezaji wa bloku. Kama namba yako haimo, waandikie na picha ya bodi, usubiri jibu. Ukiwa na RTX 3090 iliyotumika, kumbuka kwamba memori yake iko pande zote mbili za bodi, basi tafuta bloku inayopoza na mgongo pia.

Rejeta sasa. Kipimo changu kwa Nairobi ni milimita 120 za rejeta kwa kila wati 100, kama unataka utulivu. Wati 450 zinataka kama milimita 540, kwa hiyo nilimwekea yule dada moja ya 360 juu na moja ya 240 mbele. Pima kasha kwa rula kabla ya kuagiza, na ukumbuke feni nazo zina unene wa milimita 25. Pampu moja nzuri inatosha. Lita moja ya maji ikipita kwa dakika, wati 450 huipandisha joto kwa nyuzi kama 6 na nusu. Zikipita lita nne, ni chini ya nyuzi 2. Kununua pampu ya pili ili uokoe hizo chache ni kutupa pesa ambazo rejeta ingezitumia vizuri zaidi.

Usichanganye metali. Bloku nyingi nzuri ni za shaba nyekundu, mara nyingi zimepakwa nikeli, basi rejeta nayo iwe ya shaba. Wapo wanaoshuka Kirinyaga Road kutafuta rejeta ndogo ya hita ya gari kwa sababu bei yake ni rahisi. Siku hizi nyingi ni za alumini, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji mamoja huliwa. Kijana mmoja wa Kasarani aliniletea bloku baada ya miezi minane. Njia zake za maji, ambazo upana wake ni kama unene wa kadi ya kukwangua, zilijaa uji wa kijivu.

Maji ya mfereji hapana, na ya kisima ndiyo hapana kabisa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako, ujue ungeupata ndani ya bloku. Hata maji ya chupa ya kunywa yana madini. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri, na uchanganye na dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa mifumo hii. Soma lebo mara mbili, maana asidi ya betri nayo huuzwa pale pale. Rangi nzito za kuvutia ziache. Huganda.

Mipira laini ya EPDM (aina ya mpira mgumu kuharibika) inanitosha, na ndiyo ninayomshauri anayeanza. Mabomba magumu yanapendeza machoni, lakini kila kona unayoipinda ni nafasi nyingine ya kukosea.

Kuhusu kuvuja, usiwe na haraka. Chomoa kebo zote za umeme kutoka kwenye kadi na bodi kuu ya kompyuta, acha pampu pekee. Kwenye plagi ya pini 24, ambayo sasa haijaingia popote, unganisha pini ya 16 na ya 17 kwa waya mdogo ili pawasaplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) iwake. Zungushia kila kiungo tishu nyeupe, jaza kidogo kidogo, uliinamishe kasha huku na huku hewa itoke, halafu uache pampu izunguke saa 24. Kwa yule dada, saa ya sita, tishu moja chini ya tangi iliingia doa dogo kama punje ya mtama. Nilifungua kiungo, na pete ya mpira ilikuwa imebanwa ikachomoza kama uzi mweusi. Pete mpya, saa 24 tena kutoka mwanzo.

Stima ikipotea usiogope. Pampu na kadi huzima pamoja na hakuna kinachoungua. Ila UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650VA haitabeba mashine ya namna hii ikiwa kwenye kazi nzito, hata kwa dakika moja.

Alinipigia baada ya wiki. Chipu nyuzi 54, memori 62, kikomo kikiwa asilimia 80, feni hazisikiki kutoka kitandani. Nikamwomba afungue kasha, aangalie kama maji kwenye tangi yameshuka, kwa sababu hewa iliyojificha kwenye rejeta hutoka siku za mwanzo. Yalikuwa yameshuka kama upana wa kidole. Akaongeza, akafunga, na kwenye tepu niliyobandika ubavuni akaandika tarehe ya kuyabadilisha: Februari ijayo, pamoja na kupuliza vumbi la rejeta kila baada ya miezi mitatu.