Kulenga shabaha: anza na miguu

Vijana wanaokuja kwangu hapa Malindi kujifunza shabaha huuliza kwanza habari za bunduki: ipi nzuri, bei gani. Mimi hutazama wamesimamaje. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya 10 ni kitone cha nusu milimita, kama ncha ya kalamu. Ukilazimisha mkono utakipata mara moja, kisha utakipoteza. Mashindano ni risasi 60 kwa dakika 75, na mwili uliopangika ndio unaorudi palepale kila mara.

Kabla ya lolote: leseni, uwanja ulioruhusiwa na msimamizi. Kila bunduki ichukulie ina risasi. Fungua chemba, yaani tundu risasi inapokaa, uitazame, na mwenzako aitazame pia.

Hatua ya 1: msimamo

Kama unatumia mkono wa kulia, geuza ubavu wa kushoto uelekee shabaha, miguu ipanuke kadiri ya mabega. Kiwiko cha kushoto kikalie mfupa wa nyonga, ili uzito ubebwe na mifupa. Msuli huchoka, mfupa hauchoki.

Sasa lenga, halafu fumba macho. Vuta pumzi mbili tatu, legeza mabega, fumbua. Mtutu umeelekea wapi? Ukiwa umehamia kushoto au kulia, usiusukume kwa mikono: sogeza nyayo mpaka mwili mzima ugeuke. Ukiwa juu au chini, badilisha namna mkono wa kushoto unavyoshika. Rudia mpaka ufumbue macho ukute shabaha iko ndani ya pete ya kulengea iliyo mbele ya mtutu. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na hapa ndipo alama zinapopatikana. Mwanafunzi akitumia kipindi kizima kwa zoezi hili bila kufyatua risasi hata moja, mimi naridhika.

Hatua ya 2: pumzi na triga

Toa pumzi, tulia, na jicho likazie pete ya mbele. Shabaha iache iwe na ukungu kidogo. Bana triga taratibu, moja kwa moja kwenda nyuma. Zikipita sekunde kama kumi hujafyatua, shusha bunduki uanze upya. Baada ya mlio, baki ulivyo, useme risasi imeangukia wapi kabla ya kutazama.

Nyumbani unaweza kufyatua bila risasi ukilenga alama ukutani, lakini soma kitabu cha bunduki yako kwanza. Bunduki nyingi za .22, zile za risasi ndogo za baruti, huharibika pini ya kufyatulia ikigonga ukingo wa chemba tupu, na za upepo zinazotumia springi huumia vilevile.

Hatua ya 3: kurekebisha

Piga tano, tazama kundi lote limekaa wapi, ndipo uguse skrubu za kurekebisha kilengeo. Risasi moja iliyopotea haisemi kitu.

Hatua ya 4: upepo

Shabaha ya mita 50, ya bunduki za .22, hupigwa nje, na pwani yetu haikosi upepo. Kusi na kaskazi hutoka pande tofauti, kwa hiyo marekebisho ya Julai hayafai Januari. Upepo wa kulia huisukuma risasi kushoto. Angalia vibendera vya mita 10 na 30, chagua hali moja inayojirudia, upige katika hali hiyo tu. Upepo ukibadilika, ngoja.

Baada ya mazoezi

Chumvi ya bahari na jasho huleta kutu upesi. Futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyohiyo, na usiihifadhi bunduki ndani ya begi lenye unyevu.