Somo: Taa zinapoota ndevu ndani ya miwani ya VR

Wakuu, habari za leo. Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa Marangu kwenye kibanda changu hapa Moshi. Mjukuu wake ni mgumu, yaani mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, na bibi alitaka kuona huko anakopita usiku. Nikamvisha miwani ya VR, ile yenye skrini ndani inayofunika macho ukajiona uko mahali pengine, nikamfungulia video ya nyuzi 360 ya kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni: giza totoro, msururu wa tochi za kichwani unapanda taratibu kama siafu. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona taa zina ndevu?"

Ndevu hizo ndizo somo la leo. Ni ile miale myeupe inayochomoza kwenye kila kitu chenye mwanga mkali palipo na giza, ikijivuta kuelekea pembeni mwa lenzi. Ninawaandikia kwa sababu nimeona watu wakizidhania ubovu, wakasugua lenzi mpaka ikaharibika kweli. Ukweli ni kwamba hazitaisha zote. Lakini sehemu kubwa ya zinazokusumbua zinatokana na uchafu na uvaaji, na hizo unaweza kuziondoa leo hii.

Kwanza zinatoka wapi? Miwani nyingi za VR hutumia lenzi za Fresnel. Lenzi ya kawaida yenye nguvu inayotakiwa ingekuwa nene na nzito. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alikwishapata njia ya kuipunguza unene kwa kuigawa katika pete pete, kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Lenzi yake iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Ukiitazama lenzi yako kwa upande utaziona pete hizo, kama mistari ya sahani ya santuri. Kila pete ina ukingo, na mwanga unaogonga ukingo huo hupotea njia ukaingia jichoni pasipotakiwa. Mchana huuoni kwa sababu picha yote inang'aa. Usiku hauna pa kujificha. Ndiyo maana tochi za Barafu ni mtihani mgumu kuliko video yoyote niliyo nayo.

Hatua ya 1: Jua unapambana na nini. Fungua picha yenye maandishi meupe kwenye weusi. Sogeza miwani usoni juu, chini, kushoto, kulia. Ukiona miale inayotoka kwenye herufi na kubadilika kadiri unavyosogeza, hiyo ni ya lenzi. Ukiona ukungu uliofunika sehemu moja ya lenzi na hautoki hapo, huo ni mafuta ya ngozi. Ukiona kivuli cha shavu lako au mstari wa dirisha, mwanga wa nje unapenya puani. Wengi huwa na vyote vitatu kwa pamoja na kuviita jina moja.

Hatua ya 2: Safisha, lakini kwa subira. Hapa sitaharakisha. Kiangazi cha Moshi kinajulikana, vumbi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Lenzi hizi ni za plastiki. Ukipitisha kitambaa juu ya vumbi, umeshika msasa. Kwa hiyo anza kwa kupuliza na pampu ndogo ya mpira, kama ile ya wapiga picha, huku lenzi zikitazama chini ili vumbi lidondoke. Usipulize kwa mdomo, utaacha matone ya mate. Kisha chukua kile kitambaa laini wanachotoa kwenye maduka ya miwani ya macho, kikiwa kikavu na safi, uanzie katikati ya lenzi ukizunguka kwenda nje, bila kukandamiza. Mafuta yakigoma, rudia. Usitumie spiriti, sanitaiza wala maji ya sabuni, na pindo la kanga si kitambaa cha lenzi. Kitambaa chako kiweke kwenye kimfuko chake, maana kikilala mezani usiku mmoja kimeshabeba mchanga.

Hatua ya 3: Pima umbali wa mboni zako. Hii ndiyo inayoleta nafuu kubwa na ndiyo watu wanairuka. Jicho likikaa nje ya kitovu cha lenzi, ndevu zinarefuka upande mmoja na picha inafifia. Simama mbele ya kioo, rula juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, funga la kushoto, fungua la kulia, usome milimita zilizo katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu. Watu wazima wengi huangukia karibu na 63. Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68, wewe chagua iliyo karibu zaidi na yako. Quest 3 ina gurudumu linalokwenda kidogo kidogo, hiyo ni rahisi kulenga.

Hatua ya 4: Ivae upya. Anza na mkanda wa nyuma, ukae chini ya kisogo, siyo juu ya utosi. Halafu tazama maandishi madogo, telezesha miwani juu na chini polepole mpaka herufi zikate vizuri. Hapo ndipo kaza mkanda wa juu. Ukianza kwa kukaza, utabaki na alama usoni na ndevu zako palepale.

Hatua ya 5: Punguza ukali wa picha. Shusha mwangaza wa skrini kwenye mipangilio. Mandhari ya nyumbani chagua ya mchana badala ya anga la nyota. Ukisoma, weka herufi nyeusi juu ya kijivu au rangi ya maziwa. Ukitazama filamu kwenye ukumbi wa sinema wa VR, washa taa za ukumbi kama programu inaruhusu, na manukuu ya chini yafanye ya kijivu.

Mwanga wa nje hauhitaji maneno mengi: geuza mgongo dirishani, au ufunge pazia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, niko Sakina, Arusha. Mimi navaa miwani ya macho ndani ya hiyo VR. Ndevu naona mara mbili ya wenzangu. Nifanyeje?*

Kaka, una vioo viwili mbele ya jicho, na kila kimoja kina vumbi na mng'ao wake. Tena jicho lako limekaa mbali na lenzi. Kama VR yako ilikuja na kile kipande cha kuongeza nafasi, kitumie, kwa sababu miwani ya macho ikigusa lenzi itaikwaruza bila wewe kujua. Ukiweza, agiza vioo vya kupachika juu ya lenzi vilivyokatwa kwa namba za macho yako. Nenda nazo hizo namba zikiwa mpya, usitumie karatasi ya miaka mitano iliyopita.

*Fundi wa simu kaniambia nipake dawa ya meno kuondoa mikwaruzo. Ni kweli?*

Hapana, dada, nakuomba usifanye hivyo. Dawa ya meno inalainisha kwa kusaga, na zile pete ndizo lenzi yenyewe. Mikwaruzo midogo ya pembeni hutaiona ukitazama mbele, iache.

*Nikinunua mpya kabisa, tatizo si litaisha?*

Tazama lenzi, usitazame mwaka. Pico 4 ya 2022 na Quest 3 ya 2023 zina lenzi za aina ya pankeki, zisizo na pete, na ndevu zake ni kidogo sana. Lakini PlayStation VR2 ilitoka 2023 ikiwa na Fresnel, na Quest 3S ikaja 2024, baada ya Quest 3, ikiwa nayo na Fresnel kwa sababu ya bei. Na pankeki nayo ina kasoro zake: mwanga unarudishwa nyuma na mbele ndani yake kabla ya kukufikia, mwingi unapotea njiani, na mara nyingine unaona kivuli hafifu cha kitu kinachong'aa. Ukipata nafasi ya kujaribu kabla ya kulipa, ijaribu kwa picha ya usiku. Za mchana zote zinapendeza.

*Yangu ina doa la njano katikati, nimefuta siku mbili halitoki. Niliiacha kwenye gari tukiwa Njiro.*

Pole sana, mkuu. Hilo limeletwa na jua. Lenzi iliukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia, ikaiunguza skrini nyuma yake, na haichukui muda. Kioo cha gari hakizuii. Acha kufuta, kwa sababu doa haliko kwenye lenzi. Ni skrini, nayo dawa yake ni kubadilishwa. Wengine mnaosoma: VR ikitoka usoni, lenzi zifunikwe papo hapo, hata ukiwa ndani karibu na dirisha.

*Na yule bibi je, aliishia vipi?*

Nilimpima, akatoka na 59. Kijana aliyemtangulia alikuwa ameacha lenzi kwenye 68, nami sikuangalia. Nikazirudisha 58, nikafuta, nikamvalisha upya na kusogeza mpaka aliposema "hapo". Akazitazama taa tena muda mrefu. "Zimebaki kidogo," akasema. Kisha akaniomba nirudishe nyuma, amwangalie yule wa mwisho kwenye msururu, kama anatembea vizuri.